Zawadi za Kipanga

Hapo zamani, na ni zamani ya juzijuzi tu, simu zilipokuwa zimeshaingia hadi jikoni, paliishi mke na mume kule Songea. Mke aliitwa Oliva, mume Gervas. Gervas alikuwa na mdogo wake, Ditrick, na kama ilivyo desturi, Ditrick na shemeji yake walikuwa watani.

Oliva akimaliza vyombo alicheza poka, mchezo wa karata, kwenye simu. Alichezea chipu, yaani pesa za mchezo tu, ambazo hata kiberiti hazinunui. Zikikuishia, unangoja kesho unapewa nyingine bure.

Kila Jumapili mchezaji aliyejiita Kipanga alimtumia Oliva zawadi ya chipu elfu hamsini. Gervas akaona.

"Kipanga ni nani?"

"Simjui."

"Humjui, naye anakupa?"

"Ni za mchezo, baba Neema. Zinaliwa?"

"Mwanamume hatoi bure. Hata za mchezo."

Kisha akachukua simu yake. Ningekuwa Oliva, ningeiogopa simu ile. Gervas alijisajili kwa jina la Mgeni, akaketi meza moja na mkewe, akamwandikia: "Una akili sana. Mumeo anajua?"

Siku ya kwanza Oliva hakujibu. Siku ya pili hakujibu. Siku ya tatu aliita, "Baba Neema, chakula!" na papo hapo Mgeni akaacha mchezo katikati. Siku ya nne vivyo hivyo. Oliva akajua. Je, alisema? Hakusema. Alimjibu Mgeni: "Mume wangu hajui hata ninachopika." Kesho yake akaongeza: "Jumamosi nitakuwa sokoni, kwa wauza dagaa. Nitavaa kitenge cha njano."

Jumamosi Gervas akaenda. Kitenge cha njano kile pale.

"Umemfuata Mgeni!"

"Nimekufuata wewe. Nimekujua tangu siku ya tatu."

"Sasa ndiyo unasema! Angetokea mwingine, ungesemaje?"

Wauza dagaa wakaacha kupima. Mbele yao wote Gervas akamwambia arudi kwao. Oliva akarudi kwao, mtoto wao Neema mgongoni.

Ndugu wa mume wakakaa kikao, shangazi Kolastika akikiongoza. Ditrick akaangua kicheko.

"Kipanga ni mimi! Nilitaka nimwone kaka akinuna. Kwani siku hizi shemeji hataniwi?"

Shangazi hakucheka. "Miezi minne, kila Jumapili. Utani gani huo, anayetaniwa hajui kama anataniwa?"



Sasa, kwao Oliva wana utaratibu. Mke aliyefukuzwa hufuatwa na mwenye kosa, mtu mmoja tu, na jogoo mkononi. Wakija wawili hurudishwa, maana kosa la wawili kila mmoja humwachia mwenzake. Na kama kosa ni la mke, jogoo hupelekwa na yeye mwenyewe kwa mumewe. Walipewa wiki mbili. Zikipita, hakuna ndoa.

Gervas akasema, "Mimi nilitafuta ukweli nyumbani kwangu. Anayetumia zawadi kwa kujificha ndiye aliyenitia shaka. Aende yeye."

Ditrick akasema, "Mimi sikumfukuza mtu. Nikienda na jogoo kumchukua mke wa kaka, watu watasema nini? Si ndipo watathibitisha kuwa namtaka?"

Oliva akapigiwa simu. Akasema, "Mimi kosa langu ni kunyamaza. Nilitaka ajitaje mwenyewe. Mume aliyemtongoza mkewe kwa jina la kuazima, nimpelekee mimi jogoo?"

"Na lile la kitenge?" shangazi akauliza. "Ulikuwa na hakika kabisa kuwa ni yeye?"

"Karibu kabisa," Oliva akasema.

Jogoo amenunuliwa, amefungwa mguu pale uani, na wiki mbili zinaisha kesho asubuhi. Hakuna aliyemgusa. Haya, nyinyi mnaosikiliza, msiniangalie mimi. Je, nani anastahili kumbeba?