Gari la Kijivu Lililosukumwa Mara Tatu

Jambo hili lilianza Jumamosi, tarehe nane Novemba, saa kumi na dakika ishirini alasiri, katika maegesho ya supamaketi moja mjini Iringa. Sikilizeni kila kipande, hata vile vinavyoonekana vidogo, kwa sababu mwishoni mtaulizwa ninyi.

Kwanza wajueni watu. Palikuwa na mlinzi, Mzee Kikoti, ambaye kipaji chake kilikuwa macho. Yakiingia magari sabini, yeye anajua lipi ni la nani na mwenyewe amevaa nini. Palikuwa na Luvanda, mpakiaji wa mbao, ambaye kipaji chake kilikuwa mabega. Gogo linalobebwa na wenzake wawili, yeye hulibeba peke yake huku akisimulia mpira wa jana. Na palikuwa na Bi. Skola Tweve, mwalimu wa udereva, ambaye kipaji chake kilikuwa vipimo. Angeweza kurudisha gari nyuma katikati ya kuta mbili na kubakiza upana wa kiganja kila upande.

Wa nne ni Sekela. Kipaji chake sikijui. Alikuwa na binti wa miaka mitatu, Kissa, na alikuwa na hofu moja. Baba wa mtoto, ambaye walikwisha kuachana, alimwambia mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii: "Siku utakayomzembea huyu mtoto, namchukua." Ofisa aliyaandika maneno hayo kwenye faili.

Pale kwenye maegesho pana desturi. Nafasi ni chache, hivyo anayechelewa huegesha kwa kukingama nyuma ya waliotangulia. Huondoa gia, haweki breki ya mkono, hufunga milango na kuingia dukani. Aliyezibwa akitoka, hulisukuma gari la mwenzake kwa mikono hatua mbili tatu, akapata njia, akaenda zake. Watu huilalamikia desturi hiyo kila siku, na kila siku huifuata. Sehemu ya juu ni tambarare. Lakini baada ya mlingoti wa tatu wa taa, lami huanza kuinama, na huinama moja kwa moja hadi barabara kuu, wanakopita madereva wa malori ya mafuta wasiopunguza mwendo.

Sekela alifika akitafuta maziwa ya mtoto. Aliegesha gari lake dogo la kijivu nyuma ya wengine, akaondoa gia, hakuweka breki ya mkono, akafunga milango. Kissa alikuwa amelala kiti cha nyuma, nyuma ya vioo vyeusi. Sekela alishusha kioo kimoja kwa upana wa vidole vitatu.

"Dakika tano tu, mzee," alimwambia Kikoti.

"Dakika tano zenu nazijua, mama. Umeacha bila breki?"

"Nimeacha."

"Haya, nenda."

Hakusema kuna mtoto ndani, maana alijua angeambiwa amwamshe. Ndani, foleni ya kulipia ilikuwa ndefu na haikusogea.

Saa kumi na dakika thelathini na moja alitoka Bi. Skola, akakuta gari lake la mafunzo limezibwa.

"Mtu anaegesha kana kwamba ametupa kiroba," alisema. Akapima kwa jicho. "Mita moja na nusu inatosha."

Alilisukuma mita moja na nusu, haikuzidi hata kidogo. Gari la kijivu likasimama, limetulia. Bi. Skola akatoa gari lake, akateremka hadi karibu na lango, akasimama pembeni kupokea simu.

Saa kumi na dakika thelathini na saba alitoka Luvanda, chupa ya soda mkononi. Sasa pikapu yake ndiyo iliyozibwa.

"Mzee, hili limetoka wapi? Nilipoingia halikuwa hapa."

"Limesogezwa."

"Basi na mimi nalisogeza."

Alilisukuma kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na soda. Gari la kijivu likasimama, limetulia, kando ya mlingoti wa tatu. Mzee Kikoti aliona mahali liliposimama, akaweka jiwe mbele ya gurudumu. Luvanda akaketi kwenye pikapu yake amalizie soda.

Saa kumi na dakika arobaini na nne liliingia lori la mikate, likakosa kupita. Dereva alipiga honi mara tatu. Mzee Kikoti alikusudia kulirudisha gari la kijivu nyuma nusu mita, lori lipite, nalo liwe salama zaidi. Akaenda mbele yake na kuliondoa jiwe kwa mguu, apate kusukuma. Ana miaka hamsini na tisa. Viganja vyake viliteleza kwenye boneti, naye akaangukia pembeni. Gari likampita taratibu sana, kama mtu anayeondoka bila kuaga.

Hapo ndipo kiganja kidogo kilipobandikwa kwenye kioo cheusi.

Kukiona kiganja hicho kulihitaji macho ya Kikoti, maana wengine waliona gari tupu. Alipuliza filimbi akiwa chini vile vile, akapaza sauti, "Kuna mtoto ndani." Bila yeye, watu wangesimama kulitazama gari likienda kubondeka.

Kulipunguza mwendo kulihitaji mabega ya Luvanda. Alilifikia mbio, akashika keria ya juu ya paa kwa mikono miwili, akakita visigino. Gari lilimburuta. Bega la kulia lilitoka mahali pake na hakuachia. Bila yeye, gari lingefika barabarani kabla mtu hajawasha injini.

Kulisimamisha kulihitaji vipimo vya Bi. Skola. Alisikia filimbi, akatupa simu, akaliingiza gari lake mbele ya lile la kijivu, akateremka nalo kwa mwendo ule ule. Alisubiri bampa ziguse, kisha akakanyaga breki kidogo kidogo, asije akamrusha mtoto. Bila yeye, Luvanda angeburutwa hadi chini ya lori pamoja na gari.

Yalisimama mita mbili kutoka barabarani. Lori la mafuta lilipita, na upepo wake ukalitikisa gari la kijivu. Ndani, Kissa alikuwa akiuliza mama yuko wapi.

Sekela alitoka na maziwa saa kumi na dakika arobaini na nane.

Kabla Luvanda hajapelekwa hospitali, walibishana pale pale, mtoto akiwa amemng'ang'ania mama yake shingoni.

"Mimi nililiacha limesimama," alisema Bi. Skola.

"Na mimi nililiacha limesimama," alisema Luvanda, jasho likimtoka. "Mwalimu, usingelileta kwangu, ningelisukuma la nini?"

"Wewe ndiye uliyelifikisha mteremkoni, kaka. Kwa mkono mmoja, kama unafukuza kuku."

"Wanangu, jiwe nimelitoa mimi," alisema Mzee Kikoti.

"Nyamaza, mzee," walimwambia wote wawili kwa pamoja. Kisha wakamgeukia Sekela, wakamtazama yeye na mtoto. Hilo lilimtisha kuliko maneno.

Meneja, Bwana Mhenga, alimwita ofisini. Alikuwa mpole, akamvutia kiti, akampa Kissa biskuti. Kisha akatoa fomu ya ajali.

"Kesho saa tatu asubuhi, dada yangu. Mwenye gari ndiye anayejaza. Hapa, aliyesababisha. Jina moja."

"Wakiwa wengi?"

"Fomu inataka moja. Ukimwandika mwalimu, ananyang'anywa kibali cha kufundisha. Ukimwandika yule wa mbao, polisi watamfuata wodini. Mlinzi, anaondoka kazini, na amebakiza miezi saba astaafu. Kuna watu wanaandika jina la mwenye gari mwenyewe. Hapo, kwa kuwa kuna mtoto, nakala inakwenda ustawi wa jamii."

"Na nikiacha wazi?"

"Nafasi ikiachwa wazi, anaandikwa mlinzi. Ndio utaratibu. Sikuuweka mimi."

Usiku ule Sekela aliandika kila kitu kwenye daftari, dakika kwa dakika, kama nilivyowasimulia. Alitafuta dakika moja ambayo mtu mmoja peke yake, akiondolewa, mabaya yasingetokea. Akaipata kwa Skola. Akaipata kwa Luvanda. Akaipata kwa Kikoti. Akaipata kwake mwenyewe pia, ile ya saa kumi na dakika ishirini. Kisha, kwa upande wa uokoaji, akatafuta mtu ambaye, akiondolewa, mtoto bado angepona. Miongoni mwa wale watatu, hakumpata.

Asubuhi yake, Jumapili, alikwenda kwa miguu, Kissa mgongoni kwa kanga, ingawa mtoto amekuwa mzito. Alifika saa tatu kasoro dakika kumi na mbili. Magari yalikwisha kukingamana, moja nyuma ya jingine. Mzee Kikoti alikuwa langoni katika sare iliyopigwa pasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Mtoto alilala?"

"Alilala. Mimi ndiye sikulala."

"Nenda ndani," alisema mzee. "Utakaloandika, mimi sitakuuliza."

Karibu na mlingoti wa pili mwanamume mmoja, simu sikioni, alikuwa ameweka mkono kwenye gari jeupe la mtu mwingine, anaanza kulisukuma. Sekela alimshika mkono. Bila kumweleza kitu alikunja viganja pande mbili za uso, akaegemeza paji kwenye kioo, akachungulia kiti cha nyuma mpaka macho yakazoea giza. Kisha akapanda ngazi hadi ofisini, akaketi, akapokea kalamu.

Fomu iko mbele yake. Nafasi ni ya jina moja, na ikibaki wazi haibaki wazi. Kissa anapumua mgongoni kwake. Je, kama kalamu hiyo ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?