Vanishi ya Abdala

Faraji, mchongaji wa Dimani, hakumwamini mke wake Muzdalifa hata kwa kikombe cha chai. Mama huyo hakuwa na kosa. Aliolewa baada ya mama mzazi wa Habiba, binti wa Faraji, kufariki, tena alitoka visiwani, na Faraji alikwishajiaminisha kwamba mama wa kambo si mama.

Habiba alikuwa na kigugumizi. Maneno yalimkwama hadi machozi yakamlengalenga. Lakini alipokichezesha kikaragosi alichochongewa na baba yake kwa mti wa mfenesi, chenye magoti na viwiko vya kukunjika, ulimi wake ulifunguka. Sasa angeshindana nacho mjini Kibiti, mbele ya shule zote. Kilichobaki ni kukipaka rangi.

"Baba Habiba, kichovye kwenye maji ya magome ya mkandaa, ule mkoko wa pwani," Muzdalifa alishauri, akimsogezea beseni. "Kwetu twatilia rangi nyavu. Mti wayanywa, viungo havigandi."

Faraji aliyatazama maji yale mekundu, akayashuku. Akamkimbilia Abdala, rafiki yake wa chanda na pete, ambaye mwanawe pia alikuwa akishindana.

"Dawa gani hiyo ya visiwani?" Abdala alimaka. "Jihadhari na mwanamke huyo, ndugu yangu! Paka vanishi, tena kila kiungo kijae."

Faraji akapaka, kikaragosi kikameremeta.

Siku ya mashindano Habiba alivuta uzi, goti lisikunjike. Vanishi ilikuwa imegandisha viungo vyote. Maneno yakamkwama, watoto wakaangua kicheko.

"Umekifanya nini?" Faraji alimfokea mkewe mbele za watu.

Muzdalifa alikitwaa kikaragosi, akachomoa pini ya mtandio wake na kuanza kukwangua viungo kimoja kimoja, kucha zikimvunjika.

Punde akaitwa mtoto wa Abdala. Kikaragosi chake kilikuwa cha hudhurungi iliyoiva, haking'ai hata chembe, nacho kilicheza kama kimepagawa. Faraji alipigwa na butwaa. Rangi ile aliijua.

"Abdala aliniomba magome," Muzdalifa alisema bila kuinua macho. "Nami nikampa."

Waamuzi walimruhusu Habiba kurudia mwishoni. Goti likakunjika, kiwiko kikainuka, na sauti yake ikatoka imenyooka: "Hamjambo, waungwana?"

Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Faraji peke yake hakupiga makofi, kwa kuwa alikuwa ameishika mikono ya mkewe iliyochubuka, akitafuta maneno ya kumwomba radhi asiyapate. Ama kweli, umdhaniaye ndiye siye.