Mlinzi wa Maelezo ya Hovyo

Bosi Lyatuu alikuwa amewachoka waandishi wake wa programu. Kila wakibadilisha kitu walitakiwa kuandika mstari mmoja wa maelezo, na mistari hiyo, alisema, ilikuwa takataka tupu. Akamwita Sikudhani, fundi mpole wa sura.

"Weka mlinzi, programu ndogo ya ukaguzi, kwenye kompyuta ya kila mtu. Maelezo yakiwa ya hovyo, ayakatae hapo hapo. Na wa kwanza kukataliwa atachemsha chai ya ofisi nzima mpaka Krismasi."

"Sawa, bosi. Ila mlinzi lazima afundishwe. Nichagulie ya hovyo katika haya ya mwaka jana. Majina nimeyafunika, tusije tukamwonea mtu."

Bosi akakunja mikono ya shati, akaanza kusoma. "'Nimegusagusa.' Huyu alikuwa amelewa. 'Labda sasa itakubali.' Huyu nani alimwajiri? 'Basi tu.' Mungu wangu."

"Na huyu wa 'Basi tu' azuiwe?"

"Azuiwe yeye na ukoo wake. Hata akilia, usimfungulie."

"Kwenye kila kompyuta, bosi?"

"Hata yangu. Mimi sina upendeleo."

Kesho yake kazi za watu wote zilipita bila tatizo, mpaka saa nne, kompyuta ya bosi ilipogoma. Alikuwa ameandika "Basi tu". Sikudhani akaja, akafunua majina. Mistari yote aliyoilaani jana ilikuwa na jina moja: Lyatuu.

"Sikudhani, dada yangu," bosi alinong'ona, "nifungulie."

"Ulisema hata akilia, bosi. Chai yangu usitie sukari."