Mkwe na Maembe Mabichi

Ndugu zangu waumini, kulikuwa na mama mmoja aliyeletewa mkwe kutoka mbali. Kijana wake alikwenda kusoma Indonesia, akarudi na mke, na mke ana mimba ya miezi mitatu. Mnawajua mama zetu. Akaapa kwamba binti huyo hatapikiwa chakula cha kubahatisha. Siku ya kwanza biriani. Siku ya pili pilau. Siku ya tatu kuku wa kupaka. Na siku zote tatu binti alikula matonge mawili, akashukuru, akasukuma sahani.

"Mwanangu, mapishi yangu hayakupendezi?"

"Mazuri, mama. Tumbo tu linakataa." Kiswahili alikuwa amefundishwa na mumewe.

Mama akaingiwa na hofu. Binti anakonda, na aliye tumboni anakula nini? Akajisemea, "Huyu atapanda ndege arudi kwa mamake, na mjukuu wangu nitamwona kwenye simu."

Siku ya nne, alasiri, alikaa jikoni na jirani yake kujiliwaza. Mbele yao palikuwa na bakuli la maembe mabichi yaliyokatwakatwa, chumvi na pilipili ya kusaga. Wakasikia hatua za binti.

"Funika, shoga, mgeni anakuja," mama akasema.

Maana embe bichi kwetu ni la kula wenyewe kwa wenyewe, mgeni haandaliwi. Nyinyi mnaocheka, si ndivyo mnavyofanya?

Binti akaingia, akasimama, akanusa. Hata ruhusa hakuomba. Akafunua bakuli, akachukua kipande, akachovya kwenye pilipili, akala. Kisha akakaa mkekani, akala cha pili, cha tano, cha kumi, huku machozi yanamtoka.

"Kwetu tunakula hivi hivi, mama. Tunaongeza sukari kidogo tu."

"Sasa mbona siku zote hukusema?"

"Mezani sikuyaona. Nilidhani huku hayaliwi."

Mama alicheka mpaka akalia, akamshukuru Mungu, akainuka mwenyewe kwenda kuleta sukari. Jioni ile binti alikula hata wali, akaongeza.

Sasa niambieni, nani alikuwa akimshindisha njaa yule binti? Ni heshima ya mama mkwe. Alimpa kila kitu isipokuwa kile anachokula yeye mwenyewe.

Nasi ndivyo tulivyo. Mtu amehamia mtaani kwetu mwaka wa tatu huu, bado tunamwita mgeni. Harusini tunampa kiti cha mbele. Lakini tukiwa katika kuzungumza shida zetu, au kutaniana, akitokea tunanyamaza, na tunasema tunamheshimu. Anarudi kwake akiamini kwamba watu wa huku hawana yanayowaliza.

Mwenye jirani wa namna hiyo, wiki hii asimwandalie karamu. Aende amwambie jambo linalomsumbua, kisha anyamaze amsikilize. Huenda akagundua kwamba miaka yote hii wamekuwa wakililia jambo moja, kila mmoja upande wake wa ukuta.