Kivuli cha Kukaushia Hariri

Palikuwa na sultani mmoja, jina lake Ngwali, aliyependa usingizi wa mchana kuliko mali yake yote. Na mali alikuwa nayo tele. Nyuma ya jumba lake ulisimama mti mkubwa wa mkungu, na juu ya mkungu waliishi kunguru. Siku moja kunguru wakamkatiza ndoto tamu. Akaamka, akaagiza mashoka, na kabla ya chai ya jioni mkungu ulikuwa chini. Kunguru wakahamia juu ya paa la jumba, wakaendelea na mazungumzo yao pale walipoachia.

Aliyeusikitikia mti ule alikuwa mmoja tu, Mize, dobi wa jumba. Miaka saba alikuwa akianika hariri chini yake. Hariri ina adabu zake. Huoshwa kwa maji baridi na sabuni kidogo. Haisuguliwi, haikamuliwi kama kanga. Hukunjwa ndani ya kitambaa kikavu, ikafinywa polepole, kisha huanikwa kivulini. Ukiiweka juani inapauka, na ikishapauka ndiyo basi.

Sasa, Sultani akaposa mke wa nne. Wajomba wa bibi harusi wakaleta ujumbe kwamba watakuja alasiri, na magharibi watakitazama kitanda atakacholalia mtoto wao. Sultani akamwita Mize, akamtupia shuka la hariri la rangi ya zafarani.

"Lifuliwe, likauke kabla ya magharibi."

"Nilianike wapi, bwana?"

"Uani. Nguo yangu haitoki nje ya ua, wasije wakaniroga. Na usilianike ndani, litanuka moshi. Wala usilianike juani."

"Uani sasa ni jua tupu, bwana. Ule mkungu..."

"Sikukuuliza habari za mkungu. Likipauka hata upana wa ukucha, au magharibi ikilikuta bichi, unahama mji huu, wewe na mwanao."

Mize alikuwa na chumba kimoja mjini, na ndani ya chumba hicho alikuwamo mama yake, asiyeweza kuinuka kitandani. Ahame, amwache na nani? Akatandika mkeka uani, akamlaza mtoto, akainamia karai.

Akafua. Maji ya mwisho akayadondoshea ndimu, shuka likang'aa. Akalifinya ndani ya kitambaa, kisha akainua macho atafute pa kulianika. Kivuli cha jumba kilikuwa kimeangukia barabarani. Ukuta wa upande wa jua ulishushwa zamani mpaka magotini, ili upepo umfikie Sultani akilala. Ua mzima uliwaka. Akalirudisha shuka kwenye karai.

Kivuli kilikuwa kimoja tu, nacho alikuwa nacho mtoto wake. Vuai, mlinzi wa mlango, mtu mwembamba kama fito, tangu adhuhuri alikuwa akisogea hatua moja moja kila jua liliposogea, kivuli chake kisitoke usoni mwa yule mtoto. Mize aliona. Hakumshukuru kwa mdomo, asije akamponza. Alimsogezea tu kata ya maji karibu na mkono.

Alasiri Sultani akatokea, kilemba kikubwa, joho limefura, na wajomba watatu nyuma yake.

"Shuka liko wapi?"

"Ndani ya karai, bwana."

"Bichi?"

"Bichi. Lakini halijapauka."

"Mchana kutwa ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nikitafuta kivuli, bwana."

"Ukakikosa? Na kile pale?" Sultani akamtazama mlinzi wake. "Vuai, mbona umesimama upande upande, kama mlango mbovu?"

"Mguu unaniuma, bwana," akasema Vuai, ambaye miguu yake yote miwili ilikuwa mizima.

"Mguu unauma, kivuli kinakwenda kwa mtoto wa dobi. Huku hariri yangu inaoza kwenye karai." Sultani akapanda juu ya kisiki cha mkungu, wajomba wamwone vizuri. "Naapa mbele yenu. Mwenye kivuli ndani ya ua huu akalinyima shuka langu, leo hii anahama mji, awe nani awe nani."

"Awe nani awe nani, bwana?" akauliza Mize.

"Husikii? Awe nani awe nani."

"Wajomba, mmesikia?"

"Tumesikia," wakasema wajomba.

Vuai akafumba macho. Mize akakipima kivuli cha Vuai kwa shubiri. "Hiki kinatosha foronya." Akavitazama vya wajomba. "Hivi ni vya wageni. Mgeni hapewi kazi siku aliyofika." Kisha akazunguka nyuma ya kisiki. Pale kivuli cha Sultani, kilemba, joho, tumbo na vyote, kilikuwa kimelala uani kipana kama cha mkungu wenyewe. Akatandika mkeka wa pili, akalikunjua shuka juu yake. Likaenea pembe zote nne.

"Unafanya nini, wewe?"

"Nakuokoa na kiapo chako, bwana. Usije ukahama ukatuacha."

Mjomba mkubwa akashikwa na kikohozi kirefu. Sultani akainua mguu ashuke.

"Hatua moja tu, bwana, na jua liko juu ya hariri."

Mguu ukarudi.

"Mimi Sultani," akanguruma, na paa zima la kunguru likanyamaza kumsikiliza, "mimi unanigeuza mti?"

"Mti ulikuwepo, bwana. Si mimi niliyeuondoa."

"Na nisimame hapa mpaka lini?"

"Mpaka likauke. Ila nakuomba, bwana, shusha sauti, mtoto amelala. Na huyo aliyesimama hapo kabla yako alikatwa kwa sababu ya kelele."