Gogo la Mkulo

Sogeeni. Aliye mwepesi wa kuchafuka moyo akae karibu na mlango.

Katika milima ya Upare walikuwako watu watatu. Nakijwa alijua kulia msiba hata mpita njia akavua kofia. Mbonea alikuwa mrina asali, mwenye mizinga mingi kuliko kijiji kizima. Na Sekiete? Bila msumeno wake wa injini, mkulo, ule mti mnene wa mbao za thamani, hauanguki.

Mwenyekiti wa kijiji akamuuzia mfanyabiashara msitu wao, pamoja na chemchemi yake. Mtu mzima, hana haya!

Nakijwa akatandika mkeka katikati ya barabara, akaangua kilio. Wanawake wakaja na masufuria, wakainjika maharage kama matangani. Dereva wa lori la mfanyabiashara akashuka.

"Poleni, mama. Kafa nani?"

"Chemchemi yetu, mwanangu. Ukitaka, tukanyage upite."

Nani apitishe lori juu ya matanga? Akageuza.

Mfanyabiashara akawapitisha vibarua njia ya nyuma. Wakakuta Mbonea ametundika mizinga yake yote mitini. Mti wenye mzinga wa mtu haukatwi, kila mtoto wa huko anajua. Wakaweka mashoka chini.

Akabaki Sekiete, aliyelipwa na mfanyabiashara akate. Akautafuta mkulo usio na mzinga, juu ya chemchemi, akauangusha. Pale chemchemini mama yake alikuwa akiteka maji. Ndoo ikajaa tope. Sekiete akang'oa mnyororo wa msumeno, akautupa gengeni, akalikalia gogo.

"Mimi basi, sikati tena."

Mfanyabiashara akaondoka akitukana.

Nani kaja kupongeza? Mwenyekiti yuleyule, shati jeupe, meno nje! "Mashujaa wangu! Gogo hili ni la mmoja tu, aliyeokoa msitu. Msipoafikiana kabla ya gulio, nitalichukua nilitunze."

Nakijwa akatema mate. Kisha akasema, "Bila matanga yangu, lori lingepanda."

"Bila mizinga yangu, mashoka yangelia," akasema Mbonea.

"Nisingeacha mimi, msitu ungekuwapo?"

"Na hili alilikata nani, Sekiete?" akauliza Mbonea.

Sekiete hakubanduka juu ya gogo. Nakijwa naye akajikuta analipima kwa macho, apate mlango wa nyumba yake. Mlango wa mbao za msitu uleule alioulilia kama maiti! Alijionea kinyaa, na bado akaendelea kupima.

Gulio ni kesho, na lori la mwenyekiti limekwisha washwa. Haya, ninyi mnaosonya: gogo mngempa nani?