Kwa Nini Mtu Hupigiwa Debe

Kulikuwa na wakati, wanangu, debe lilipokuwa na kazi mbili tu: kuchotea maji na kupimia nafaka. Hakuna aliyelipiga. Katika gulio la Kwemvumo, kule milimani, watu waliuza kimya kimya, kwa kuwa wote walilelewa na neno moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwenye kuisifu bidhaa yake alionekana kama mtu anayejisifu mbele ya wakwe.

Gulio hilo lilikuwa na sheria. Aliyekaa magulio matatu mfululizo bila kuuza kitu alimwachia mwingine nafasi yake.

Mwantumu, mfinyanzi aliyekuja kuolewa kutoka bonde la pili, alipewa nafasi ya mwisho kabisa, nyuma ya zizi la mbuzi. Vyungu vyake vilikuwa vyepesi, vimechomwa vikaiva hadi ndani, lakini wanunuzi waliishia kwenye mbuzi. Gulio la kwanza likapita, la pili likapita. La tatu lilipofika saa sita mchana, hakuwa ameuza hata kifuniko. Akaanza kuvifunga vyungu kwa majani makavu ya migomba.

Jirani yake hapo alikuwa mzee Shekilindi, muuza maharage. Mwantumu alimwita babu, basi walitaniana.

“Unafunga, mke wangu?”

“Nafunga, babu. Kizuri kimeshindwa kujiuza.”

“Kitajiuzaje nyuma ya mbuzi? Kina miguu?”

“Sasa nisimame niseme vyungu vyangu ni vizuri? Watanicheka hadi watoto.”

“Wewe nyamaza. Mimi sina chungu cha kuuza.”

Maharage ya mzee yalikuwa yamekwisha. Akaligeuza debe lake chini juu, akachukua kile kibao alichosawazishia vipimo, akaanza kulipiga. Watu wakaja mbio, wengine na maji mkononi, wakidhani kuna moto.

“Kuna nini, mzee?”

“Kuna vyungu. Kimoja alinipa huyu alipoolewa, mwaka wa tatu huu, nacho kinapikiwa maharage yangu ambayo nyote mnayajua kwa ugumu wake. Hakijapasuka. Kifuniko kinacheza kidogo, siwafichi.”

Watu wakacheka. Wakavigonga vyungu kwa vidole, wakavisikia vinalia vizuri. Kufikia alasiri Mwantumu alikuwa amebaki na majani ya migomba tu, na wazee wa gulio walipopita wakamwachia nafasi yake.

Gulio lililofuata, Mbaruku, mfinyanzi aliyekaa mbele kabisa, naye alikuja na debe. Akalipiga tangu asubuhi, akisema vyungu vyake havina mfano. Mama mmoja akasimama mbele yake.

“Debe hilo la nani?”

“Langu.”

“Na vyungu?”

“Vyangu.”

“Na anayevisifu?”

Mbaruku akakohoa. Watu wakasema, “Mwacheni, anajipigia.” Siku hiyo aliuza vyungu viwili, na kimoja alimuuzia shemeji yake.

Na tangu siku hiyo watu walijua tofauti. Kupiga debe ni kelele, na mwenye mikono yeyote anaweza. Kumpigia mtu debe ni kusimama mbele za watu na kusema jema lake unalolijua, pamoja na kifuniko chake kinachocheza. Ndiyo maana hadi leo anayetaka uongozi, au kazi, au hata mchumba, hutafuta wa kumpigia. Anayejipigia mwenyewe hakatazwi. Huongezewa tu ile “ji” ndogo, watu wakatabasamu, kisha wakaenda kuwauliza majirani zake.